Kwa nini mama wa sinema za zamani hajitetei?

Dada, umeandika kwamba ulitazama Stella Dallas ya mwaka 1937 ukiwa na mama yako. Yeye alilia, wewe ukapandwa na hasira. Ukauliza mawili. Kwa nini Stella hamwambii bintiye ukweli, yakaisha? Na je, filamu hizi za akina mama wanaojitoa mhanga zinamheshimu mama, au zinamwadhibu huku zikimpigia makofi?

La pili nalijibu kwa ufupi: zinamvika kilemba cha ukoka. Zinamwita mtakatifu kwa sharti kwamba aondoke. Hilo ulilinusa mwenyewe, na hasira yako haina kosa. La kwanza ndilo lenye nyama, na nikilimaliza huenda nikalazimika kulirekebisha kidogo hilo jibu fupi.

Kwa ambao hawajaiona, kisa ni hiki. Stella ni binti wa mfanyakazi wa kiwandani katika mji mdogo wa Massachusetts. Anaolewa na Stephen Dallas, bwana wa ofisini katika kiwanda hicho hicho, mtu wa ukoo uliokuwa na mali kabla baba yake hajafilisika na kujiua. Wanapata binti, Laurel. Ndoa inalegea, Stephen anahamia New York kikazi, na huko anakutana tena na mchumba wake wa zamani, Helen, ambaye sasa ni mjane mwenye nyumba kubwa. Stella anabaki na mtoto. Laurel anakua akiwa na upole na haya, na kila mama yake anapojitokeza mbele ya watu wa tabaka la baba, manyoya shingoni na bangili zikilia mkononi, watu wanabana vicheko. Mwishowe Stella anakubali talaka na kumkabidhi binti kwa Helen. Siku ya harusi ya Laurel, mama anasimama barabarani kwenye mvua, nje ya uzio wa chuma, akichungulia dirishani kama mpita njia.

Hadithi hiyo ilitoka kwanza kama riwaya ya Olive Higgins Prouty mwaka 1923. Samuel Goldwyn aliitengeneza mara mbili: filamu bubu ya 1925 iliyoongozwa na Henry King, Belle Bennett akiwa Stella, kisha hii yenu ya King Vidor na Barbara Stanwyck.

Sasa iweke Stella kando kidogo, utafute Way Down East ya D. W. Griffith, ya mwaka 1920. Lillian Gish anaigiza Anna Moore, msichana maskini anayehadaiwa na tajiri mmoja, Sanderson, kwa ndoa bandia: mchungaji wa uongo, pete ya kweli. Akishika mimba anaachwa. Mtoto anazaliwa katika chumba cha kupanga, anaugua, na mwenye nyumba anamtia Anna hofu kwamba mtoto asiyebatizwa hatamwona Mungu. Basi Anna anambatiza mwenyewe, usiku, hana kasisi wala shahidi, anamnyunyizia maji na kumpa jina. Griffith hana haraka hapo. Kamera inamkazia macho msichana yule akijaribu kufanya kazi ya kanisa zima kwa mikono yake miwili, na mtoto anakufa. Mwenye nyumba, akishajua hakuna mume, anamfukuza.

Anna anapata kazi kwenye shamba la mzee Bartlett, mtu wa Biblia na sheria. Umbea wa kijijini unamfikia mzee huyo, naye anamwonyesha Anna mlango usiku wa tufani ya theluji. Na hapa ndipo ninapotaka uangalie kwa makini. Anna haondoki kimya. Sanderson mwenyewe amekaa mezani pale pale, mgeni wa heshima. Anna ananyoosha kidole: mmechunguza yangu yote, mbona ya huyu hamkuyachunguza? Ndipo anatoka kuingia kwenye theluji, na linafuata lile tukio maarufu la mtoni ambako kijana wa nyumba hiyo anaruka kutoka bonge la barafu hadi jingine kwenda kumwokoa. (Sehemu kubwa ya tukio hilo ilipigwa picha Vermont kwenye baridi ya kweli, na Gish ndiye aliyetoa wazo la kuacha mkono na nywele vikiburuzwa kwenye maji ya barafu. Alilalamikia mkono huo miaka mingi baadaye.)

Kwa hiyo mama wa melodrama, yaani visa vya kuchoma moyo na kuliza watu, anaweza kusema. Anna amesema, tena mbele ya meza nzima. Tofauti yake na Stella ni moja tu, nayo ni ya kikatili: mtoto wa Anna amekufa. Hakuna tena wa kuchafuliwa jina. Anachohatarisha Anna ni nafsi yake peke yake, ndiyo maana hadithi inamruhusu kufungua mdomo na hata kumpa mume mwishoni. Mama ambaye mtoto wake yu hai hana ruhusa hiyo. Neno lolote atakalolisema kujitetea litamwangukia mtoto.

Ukilishika hilo, kundi zima la filamu hizi linafunguka. Chukua Madame X, tamthilia ya Mfaransa Alexandre Bisson ya mwaka 1908, ambayo Hollywood iliitengeneza tena na tena. Inayosifiwa zaidi kati ya zile za mwanzo wa sauti ni ya 1929, Lionel Barrymore akiongoza na Ruth Chatterton akiigiza. Mwanamke ameacha mume na kufuata hawara. Anarudi kumwona mtoto wake mgonjwa, mume anamfungia mlango, naye mtoto anakuzwa akiambiwa mama yake alishakufa. Miaka inapita, mwanamke anaporomoka hadi chini kabisa, kisha anamwua tapeli aliyetaka kwenda kuichuma pesa familia kwa siri hiyo. Mahakamani anakataa kutaja jina lake. Wakili kijana aliyepewa kumtetea ni mwanawe wa kumzaa, asiyejua. Mwana anamtetea mama kwa ufasaha wote alionao, na mama anaogopa jambo moja tu: kwamba utetezi ukifanikiwa sana, ukweli utatoka.

Au chukua The Sin of Madelon Claudet ya 1931, iliyompa Helen Hayes tuzo ya Oscar. Madelon anatoka gerezani alikofungwa bila hatia, anauza mwili na kuiba ili mwanawe asomee udaktari, na anamwacha mtoto aamini kwamba mama yake ni marehemu. Katika Madame X baba ndiye aliyemzika mama kwa maneno. Hapa mama anajizika mwenyewe.

Jambo hili ni la zamani kuliko sinema. Melodrama ya jukwaani ilipoanza kushamiri Paris, mojawapo ya michezo iliyotamba sana, Cœlina ya Pixérécourt ya mwaka 1800, ilimweka jukwaani baba wa siri wa msichana akiwa bubu hasa, hawezi kutamka neno. Melodrama inampenda mtu mwenye haki asiyeweza kuidai. Sinema bubu ilipokuja ilikuta nafasi hiyo tayari, na kamera ikaongeza kitu ambacho jukwaa halikuwa nacho: uso wa mama ukijaa skrini nzima, kiasi kwamba sisi tunajua yote na waliosimama naye chumba kimoja hawajui kitu.

Turudi kwa Stella, maana mashtaka yake ni ya aina nyingine. Anna na mama wa Madame X wanahukumiwa kwa jambo la kitanda. Stella hajazini na mtu. Kanuni za udhibiti za Hollywood, zilizoandikwa mwaka 1930 na kuanza kusimamiwa kwa mkono wa chuma katikati ya 1934 chini ya Joseph Breen, zilidai kwamba mwenye dhambi alipie dhambi yake kwenye skrini. Vidor alikuwa na mama asiye na dhambi ya kulipia, na bado anamlipisha. Kosa lake ni kicheko kikubwa, nguo zenye kelele, na urafiki na Ed Munn, mlevi mchekeshaji wa mbio za farasi. Yaani kosa lake ni mahali alikozaliwa. Kuna siku ya kuzaliwa ya Laurel, meza imeandaliwa, na barua za udhuru zinaingia moja baada ya nyingine: mtoto wa fulani hatafika, wa fulani naye hatafika. Mwalimu alikuwa amemwona Stella garini moshi akicheka na Munn. Hakuna mahakama iliyokaa wala mtu aliyemuuliza swali. Mama na mwana wanaketi wawili kwenye meza ya watu wengi.

Halafu ile treni. Nadhani ndiyo sehemu bora ya filamu nzima, kuliko hata dirisha la harusi. Wametoka hotelini ambako Stella amechekwa mchana kutwa bila kujua, na Laurel ameona. Usiku wamelala kwenye behewa, Laurel kitanda cha juu, mama cha chini. Wasichana wa mjini wanapiga soga karibu na pazia, wanamkejeli yule mwanamke wa hotelini na kumsikitikia binti yake. Laurel anasikia. Anashuka polepole kuchungulia kama mama naye amesikia. Stella, ambaye hakulikosa hata neno moja, amefumba macho. Laurel anajipenyeza kitandani na kumkumbatia, na mama anaendelea kulala usingizi wa uongo.

Jibu la swali lako la kwanza limo humo kitandani. Kila mmoja anamsitiri mwenzake kwa kunyamaza. Stella akifumbua macho, Laurel atalazimika kukana, kuapa kwamba haoni aibu, na kuanzia siku hiyo atakuwa na deni la kuthibitisha kiapo hicho maisha yake yote. Tena ukweli ulishajaribiwa: Laurel alipong'amua kwamba amepelekwa New York moja kwa moja, alifunga virago akarudi kwa mama. Akijua anapendwa, haondoki. Kwa hiyo Stella anamwonyesha asichokuwa: anawasha sigara, anaweka santuri ya jazi, anajilaza na gazeti la udaku na kumwambia kwamba anataka kustarehe na Munn, amechoka kulea. Laurel anaondoka akiwa na uchungu, lakini anaondoka.

Wataalamu wamegombana sana juu ya mwanamke huyu. Mwanafalsafa Stanley Cavell alishikilia kwamba Stella anajua siku zote anavyoonekana, hata kule hotelini, na kwamba anachagua. Hoja yake nzuri ni kuwa mtu anayeweza kumshonea bintiye nguo za staha hawezi kuwa kipofu wa nguo zake mwenyewe. Linda Williams naye aliandika mwaka 1984 kwamba filamu inamlazimisha mtazamaji kushika macho ya watu kadhaa kwa pamoja, ya Stella, ya Laurel, ya Helen, asiweze kukaa upande mmoja kwa raha. Mimi kwenye hoteli simfuati Cavell. Pale Stella amejipamba kwa furaha ya kweli, na ukimnyima furaha hiyo treni inapoteza makali yake. Baada ya treni ndipo anajua, na akishajua anaugeuza ule ushamba waliomcheka kuwa chombo cha kazi. Alichohukumiwa nacho ndicho anachokitumia kumfukuza mtoto kwa manufaa ya mtoto.

Usimsahau Helen. Barua ya Stella inapofika ikidai anaolewa na Munn, Stephen anaimeza nzima nzima. Helen peke yake anasoma kilichofichwa. Na siku ya harusi Helen ndiye anayeagiza mapazia yasifungwe. Haulizwi sababu na hasemi. Mwanamke aliyechukua nafasi ya mama ndiye shahidi pekee ndani ya filamu anayeujua ukweli kama sisi tunavyoujua, na hata yeye uwezo wake unaishia kwenye pazia.

Ndiyo maana nilisema jibu langu fupi linahitaji kurekebishwa. Filamu inamsifu mama kwa sababu ametekeleza mwenyewe hukumu ambayo jamii ilikuwa imempa. Hapo kilemba ni cha ukoka kweli. Lakini imetuonyesha pia kwamba hukumu yenyewe ilikuwa ya dhuluma, tukaiona kwa macho yetu, na haikuibatilisha. Mtazamaji anarudi nyumbani na kesi ambayo haijafungwa. Wewe uliitoa kwa hasira, wengine huitoa kwa machozi.

Iko filamu moja inayojaribu njia uliyoitaka wewe, ya mama kusema ukweli. Ni Shennü ya Shanghai, mwaka 1934, inayojulikana zaidi nje ya China kwa jina la The Goddess. Ni bubu bado, ingawa sauti ilishaingia. Wu Yonggang aliiandika na kuiongoza, ikiwa filamu yake ya kwanza kuongoza, na mama anaigizwa na Ruan Lingyu. Mwanamke huyo hapewi hata jina. Usiku anauza mwili barabarani, mchana analea mtoto wa kiume. Mhuni mmoja mcheza kamari anamfanya mali yake. Kuna picha moja ambamo kamera imewekwa nyuma ya mhuni huyo, na mama na mtoto wanaonekana wamebanwa sakafuni katikati ya miguu yake. Sijui picha nyingine ya miaka hiyo inayosema mengi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Anaficha akiba nyuma ya tofali la ukutani, anamwandikisha mtoto shule. Siku ya maonyesho ya shule mtoto anasimama jukwaani kuimba, mama yuko kwenye viti, uso umemng'aa. Wanawake wananong'onezana, na mnong'ono unasafiri kutoka sikio hadi sikio kwenye safu ya viti. Lisemwalo lipo, wanasema watu. Barua za wazazi zinamiminika shuleni.

Mwalimu mkuu, mzee mwenye busara, anakwenda nyumbani kuchunguza. Na mama anamwambia. Hakani. Anasema ndiyo, kazi yangu ni hiyo, nimeifanya ili mtoto aishi, na mtoto ana haki ya kusoma. Mwalimu anaamini. Anarudi mbele ya bodi ya shule na kusema kwamba ubaya huo ni wa jamii, si wa mtoto wala wa mama. Bodi inapiga kura, anashindwa, anajiuzulu, mtoto anafukuzwa. Ukweli ulisemwa kwa mtu sahihi, kwa lugha safi, ukaaminiwa, na haukubadilisha kitu. Baada ya hapo mhuni anaiba ile akiba, mama anamfuata na kumpiga kwa chupa, mhuni anakufa, na mama anahukumiwa miaka 12 gerezani. Mwalimu anamtembelea gerezani na kuahidi kumlea mtoto. Mama anamwomba amwambie mtoto kwamba mama yake amekufa.

Yaliyompata Ruan Lingyu mwenyewe yanauma kuliko filamu zake. Mama yake alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ya matajiri; mtoto wa nyumba hiyo ndiye aliyeishi na Ruan miaka ya nyuma, kisha akamshtaki mahakamani walipotengana. Magazeti ya Shanghai yakaifanya kesi hiyo kitoweo cha kila siku. Mwanzoni mwa 1935 alikuwa ameigiza katika New Women mama msomi anayeamua kuuza mwili ili kupata dawa ya bintiye na kisha kuchafuliwa na magazeti, kisa kilichotokana na mwigizaji aliyejiua mwaka uliotangulia; waandishi wa habari waliichukia filamu hiyo, na hasira yao ilimwangukia yeye pia. Tarehe 8 Machi 1935, akiwa na umri wa miaka 24, Ruan alijiua. Ujumbe uliochapishwa kwamba ni wake ulisema maneno ya watu ni kitu cha kutisha, na mwandishi mkubwa Lu Xun aliandika makala nzima mwaka huo huo kuwajibu wanahabari waliokuwa wakikwepa lawama. Miaka miwili baadaye Hollywood ilitoa The Good Earth, Mjerumani Luise Rainer akimwigiza mama Mchina wa shambani, na ni yeye aliyeichukua Oscar ambayo Stanwyck alikuwa akiiwania kwa Stella Dallas.

Unaweza kuona mti huu ulivyotambaa hadi kwetu. Awara ya Raj Kapoor (1951), iliyopendwa mno kwenye majumba ya sinema ya Unguja na bara, inaanzia kwa hakimu anayemfukuza mkewe mjamzito kwa sababu ya maneno ya watu, na mtoto wa mama huyo anaishia kizimbani kwa kosa la kutaka kumwua hakimu huyo. Muhimu kwako ni kwamba hapo angalau baba anaulizwa. Katika filamu nilizotaja juu baba hupita pembeni. Sanderson anafikia hata kujitolea kumwoa Anna kwa ndoa halali, mambo yakishaharibika, akidhani anamfanyia hisani. Anakataliwa, anakwenda zake. Stephen Dallas anapata mke mpya, binti aliyekwisha kulelewa, na harusi nzuri. Katika Shennü baba wa mtoto hayupo kabisa, na hakuna mzazi hata mmoja shuleni anayeuliza yuko wapi.

Kama utaitafuta Shennü, na ni rahisi kuipata mtandaoni, angalia mwaka kabla hujabonyeza: iko filamu ya Marekani ya 1958 yenye jina hilo hilo la The Goddess, na Devi ya Satyajit Ray ya 1960 nayo huitwa hivyo hivyo mara kwa mara. Stella ya 1925 ni bubu, lakini usiipuuze. Ile ya 1990 ya Bette Midler unaweza kuiacha.